Harusi ya pili, bwana yuleyule

Watu wameniuliza sana. Kila nikipita mtaa wa Langoni hapa Lamu lazima mtu anishike mkono, ati hebu tupe habari za Uchina, walikulisha nini huko, ni kweli ulibebwa mgongoni kama gunia? Nimechoka kuhadithia vipande vipande, leo nimekaa juu darini na kahawa yangu ya tangawizi naandika yote kwa mkupuo, atakayeuliza tena namtumia linki na salamu.

Kwanza muelewe, mimi nimeolewa mara mbili na bwana mmoja, Mchina. Ya kwanza ilikuwa hapahapa Lamu, nikaha msikitini baada ya Isha, halua, kahawa, mimi niko ndani sioni kitu nasikia dufu tu, kawaida yetu. Bwana alikuwa ameshasilimu mwaka mzima kabla hajaleta posa, nalisema hili kwa sababu mji huu una midomo. Alikuja na kazi ya ile bandari mpya ya Kililana, gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021, wenzake wakafunga mabegi wakaenda zao, yeye akabaki, na aliyembakisha mnamjua. Ya pili ndiyo hii ya kwao, Oktoba 2024, wiki ile ya sikukuu yao ya taifa, Uchina nzima iko likizo na naona kama nusu yao wanaoana siku hizo hizo.

Ile wiki ya kuondoka ndiyo nikajua watu wa Lamu hawana kazi. Ami yangu kakaa barazani anatangaza, Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga mwaka 1415, sisi tumechelewa lakini tumempeleka bibi harusi! Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Halafu kila mtu akageuka mwanahistoria, huyu anahadithia mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilizama karibu na kisiwa cha Pate wakaogelea mpaka kijiji cha Shanga wakaoa hukohuko, yule anataja msichana wa Siyu aliyepewa skolashipu ya kwenda kusoma Uchina 2005 kwa ajili ya hiyo nasaba, mwingine ile sarafu ya mfalme Yongle wa Uchina iliyofukuliwa kisiwani Manda 2013, yaani mimi nimekuja kuaga tu nimekalishwa darasani.

Bibi yangu peke yake hakucheka. Alikuwa anatunga asumini, bila kuinua kichwa akaniuliza, "Na huko, somo wako ni nani?"

Nikamwambia bibi, huko hakuna somo, huko kuna meikapu na mapicha. Akasema "haya", akaendelea na asumini zake. Kwa wasiotoka pwani, somo ndiye mwanamke mzima anayemshika bibi harusi mkono tangu kusingwa mpaka fungate iishe, anakufunza yanayosemwa na yasiyosemwa, bila yeye unaingia harusini kama mtu aliyetumwa dukani bila pesa. Lile swali nililipuuza siku ile, sikujua litanifuata mpaka huko.

Kabla sijafika huko kuna la pesa, maana hapo karibu mambo yaharibike. Mahari nilishapewa Lamu, ikaandikwa, ikaisha. Kumbe kwao kuna kitu kinaitwa caili, pesa inayotoka kwa wazazi wa mume kwenda kwa wazazi wa mke, na mavyaa wangu akasema hata kama mwanawe ameoa Afrika yeye hawezi kuonekana amechukua mtoto wa watu bure. Wakatuma yuan 88,000. Nane kwao ni namba ya heri, inasikika kama neno la kutajirika. Baba yangu akachanganyikiwa kabisa, mahari ni haki ya mwanamke, sasa hii ni ya nani? Akaambiwa ni yako wewe mzee. Akakaa kimya siku mbili. Siku ya tatu akasema yeye si mtu wa tamaa, atachukua nusu na nusu atairudisha kwa heshima, kwa sababu alishaambiwa kurudisha kiasi ni adabu njema kwao.

Piga hesabu. Nusu ya 88,000 ni 44,000. Na nne kwao inasikika kama kufa, kuna majengo hata ghorofa ya nne wameiruka kwenye lifti. Nilimwona bwana'ngu anabadilika rangi pale pale, baba naye anajivunia ukarimu wake, hakuna anayethubutu kumwambia mzee umewatumia wakwe zako vifo viwili. Mwishowe nikamvuta pembeni nikamwambia baba, rudisha 68,000. Akaniangalia, "Yaani nirudishe zaidi?" Nikamwambia ndiyo baba, zaidi. Mpaka leo anaamini nilikula njama na wakwe.

Basi tukafika. Kwao ni Chendai, kando ya mji wa Quanzhou, mkoa wa Fujian, pwani kama sisi, upepo wa chumvi, chaza, madau. Quanzhou ndiyo ile waliyoiita Zaitun wale wasafiri wa Kiarabu, kuna msikiti wa mawe ulioanzishwa mwaka 1009, ule ukumbi wake mkubwa paa halipo tena, unasimama ndani unaona mbingu, lakini aya zimechongwa ukutani unazisoma vizuri kabisa. Niliposimama pale nikasikia kama niko Pate kwenye magofu. Halafu wao mji wao umeingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO 2021, Lamu tuliingia 2001, bwana'ngu hapendi nikimkumbusha.

Sasa hili nilikuwa sijaambiwa mpaka nimefika. Ukoo wao wanahesabu asili yao kwa wafanyabiashara Waislamu waliokuja na bahari, zama za Wamongolia kutawala Uchina. Dini ikawatoka kidogo kidogo, leo wengi wao wanakula nguruwe na pombe wanakunywa. Ila ukiingia kwenye ukumbi wa mababu, ambao ramani yake ni kisanduku ndani ya kisanduku, ndiyo herufi yenyewe ya neno Hui, yaani Waislamu wa Kichina, utakuta wakiwatolea mababu sadaka hawawekei nguruwe. Kila kitu kingine wanaweka, nguruwe hapana. Babu yake bwana, miaka themanini na kitu, akaniambia kupitia mjukuu: wale wazee hawali, tunawaheshimu. Mimi nilienda nimejiandaa kupigana vita ya jikoni, nikakuta mababu wameshanipigania.

Usiku wa kuamkia harusi nililazwa nyumbani kwa shangazi yake bwana, maana bibi harusi lazima achukuliwe kutoka nyumba nyingine na mimi kwetu ni maili elfu ngapi sijui. Hii kwanza ilinipa tabu moyoni. Sisi Lamu bwana ndiye anayekuja, anatiwa nyumbani kwa mke, fungate inaliwa kwenu, mama yako yuko chumba cha pili. Kwao wewe ndiye unayetolewa, unachukuliwa, unaenda kukaa kwa watu. Nilijua hivyo kwa kichwa lakini usiku ule kwenye kitanda cha mtu, ukutani karatasi nyekundu yenye ile herufi ya furaha mbili zilizoshikana mikono, nje mbwa anabweka Kichina, nikalia. Mamangu hakuweza kuja, bibi alikuwa anaumwa. Alikuja kaka yangu peke yake, na yeye wakati huo alikuwa sebuleni anafundishwa kucheza karata.

Saa tano usiku mlango ukagongwa, akaingia shangazi na msichana wa miaka kumi na tano hivi, na sinia, kichana, kioo, mkasi, uzi mwekundu. Kumbe kuna usiku wa kuchanwa nywele. Na si kila mtu anaruhusiwa, lazima awe mwanamke mwenye bahati, mume yuko hai, amezaa wa kike na wa kiume, nyumba yake ina amani. Shangazi ndiye aliyechaguliwa. Akanikalisha mbele ya dirisha, akaanza kuchana huku anasema maneno kwa kilugha chao cha Minnan, yule msichana anayarudia kwa Kichina cha serikali kwenye simu, na ile programu ya kutafsiri inanisomea Kiswahili kwa sauti ya roboti: "Chana ya kwanza mpaka mkiani." Mkiani! Nikashtuka. "Chana ya pili nywele nyeupe pamoja na nyusi. Chana ya tatu wajukuu wamejaa chini." Ndipo nikaelewa, ni dua. Mpaka mwisho, mzeeke pamoja, mjaze nyumba.

Tatizo nywele zangu. Kile kichana ni cha mbao, meno membamba kama ya samaki, kimezoea nywele zinazoteleza kama maji, zangu mnazijua. Chana ya kwanza kikakwama kati ya safari. Shangazi akavuta kidogo, tak! Jino moja likavunjika. Sote watatu tukaangaliana kwenye kioo. Hakuna aliyehitaji roboti kutafsiri hapo, jino la kichana kuvunjika usiku kama ule si habari njema kwa kabila lolote. Shangazi akaliokota, akalitia mfukoni haraka, akaweka kidole mdomoni, shh. Nikafungua begi langu nikatoa chupa ya mafuta ya nazi aliyonikamulia mama, nikajipaka, akanusa, akamimina kiganjani kwake, akaanza kunipaka mwenyewe polepole kuanzia kwenye mzizi, ananyoosha kwa vidole kwanza ndipo kichana, vilevile anavyofanya bibi. Hakuna aliyemfundisha. Alipomaliza akanikalisha kitandani, akamfukuza msichana na simu yake, akaniambia mambo mawili matatu kwa mikono na macho ambayo siyaandiki hapa. Nikasema moyoni, bibi, huyu hapa.

Asubuhi fujo. Yule dada wa meikapu aliyekodiwa alikuja na poda ya rangi moja, nyeupe, alipomaliza nikajitazama naona mkate wa mofa uliosahauliwa kwenye unga. Nikaenda kunawa uso wote, nikapaka wanja wangu na mdomo mwekundu basi, akanuna, mimi nikanuna zaidi. Nguo lakini mashallah. Ile wanayoita xiuhe, koti na sketi ndefu nyekundu, mikono mirefu, uzi wa dhahabu umeshonwa ndege na maua mpaka nguo inasimama yenyewe, imestiri mwili mzima, nikaongeza mtandio mwekundu kichwani na hakuna aliyeona kama si sehemu ya vazi.

Na dhahabu. Jamani. Sisi wanawake wa pwani tunajidai tunajua dhahabu, nimekubali tumeshindwa. Sehemu ile ya Fujian bibi harusi anavishwa mpaka anainama, bangili juu ya bangili, za joka na za ndege, mikufu mipana kifuani kama ngao, kila shangazi anakuja na kisanduku chake anakutia mwenyewe mbele ya watu, na wengine wanahesabu wazi wazi bila haya. Nikiinua mkono kujikuna natoa mlio kama kengele.

Saa kumi na mbili asubuhi magari yakaja. Sasa hapa ndipo watu wa Lamu mtapenda. Wakafungiwa mlango! Binamu za bwana wa kike wamejipanga nyuma ya mlango, huko nje bwana na rafiki zake wanabembeleza, wanaambiwa waimbe, wanaimba, wapige pushapu, wanapiga, wale vipande vya karela chungu na malimau, wanakula huku machozi yanatoka, na chini ya mlango zinapitishwa bahasha nyekundu za pesa, haitoshi, ongeza. Kaka yangu aliyekuwa amesinzia akafungua macho akaniuliza, "Hiki si kifungua mlango hiki?" Nikamwambia ndicho. Akaruka akaenda kusimama mbele ya wote, akafunga mikono, akasema kwa Kiswahili, mimi ndiye kaka wa damu, bila bahasha nne hapiti mtu. Wakamwambia sema sita, nne hapana. Akasema hata hainiumizi.

Na saa hizohizo simu yangu iko mezani imeegemezwa kwenye birika, video kol, Lamu ni saa saba usiku kwa sababu tumepishana saa tano. Mama alilazimika kujifunza kutumia WeChat kwa ajili ya siku hiyo moja. Nilidhani atakuwa peke yake. Skrini ikafunguka nikaona chumba kizima, mama, mashangazi, majirani, wamekesha na leso zao za harusi, bibi amekalishwa kitandani na mito, na mara tu mlango ulipoanza kugongwa huku Chendai, kule Lamu, mtaa wa Mkomani, wakaanza vugo, ngoma yetu ya harusi ya wanawake. Pembe zinagongwa, mtandao unakatakata, sauti inakuja imechelewa, picha inaganda kwenye mdomo wa shangazi ulio wazi, vigelegele vinatoka kwenye kispika kidogo cha simu kama kuku wanakimbizwa. Wachina wote wakanyamaza. Yule bibi jirani wa shangazi akasogea mpaka pua inagusa skrini, akaanza kupiga makofi, hayuko kwenye mdundo kabisa, lakini anapiga.

Nilijiambia silii na wanja wangu. Nililia.

Ndiyo, nilibebwa. Miguu ya bibi harusi haigusi ardhi na kwa desturi nyingi za kule kaka ndiye anayembeba dada yake, nyumba ya shangazi iko ghorofa ya tatu, haina lifti, na mimi nina dhahabu ya uzito wa mtoto. Alinitukana ngazi kwa ngazi, kwa Kiamu, kwa tabasamu, watu wanampiga picha wanadhani ananiombea. Chini wakanifunulia mwavuli mwekundu, jua lenyewe halijatoka vizuri, nikatembezwa chini ya mwavuli mpaka garini na nikakumbuka shiraa, lile turubai waliokuwa wakibebewa mabibi wa Lamu zamani wasionekane barabarani.

Gari likiondoka unapewa kipepeo cha karatasi, kile cha kujipepea, ukitupe dirishani. Maana yake unaacha kiburi na hasira zako kwenu usiende nazo kwa mume. Mimi nilielezwa, nikakitupa vizuri. Kaka yangu hakuelezwa. Aliona kitu cha dada yake kimeanguka, akakiokota, akakimbiza gari, watu wanapiga kelele acha, acha, yeye anadhani wanamshangilia, dereva akapunguza mwendo kwenye kona, mkono ukaingia dirishani: "Shika, umeangusha." Hasira zangu zote zimerudi mapajani mwangu. Sasa nikinuna tu bwana anasema lawama ni za shemeji.

Kwao tukapokelewa na fataki, masizi na moshi mpaka pumzi inakwama, kisha pale mlangoni kuna karai la makaa yanayowaka, unaruka juu yake mikosi iungue. Chetezo kikubwa kisicho na udi, nilisema bismillahi nikashika sketi nikavuka.

Halafu ndiyo likaja lile lililonikosesha usingizi miezi. Harusi yao ya kimila ina kuinama mara tatu, kwanza kwa mbingu na ardhi, pili kwa wazazi, tatu mume na mke kwa wao. Sheikh niliyemuuliza Lamu alinijibu kifupi, hatuinamii mbingu wala ardhi, tunamuinamia aliyeziumba. Bwana alikuwa upande wangu lakini kusema kwa simu ni kitu kimoja na kusimama mbele ya watu mia mbili na baba yako na mshereheshaji mwenye maiki ni kingine. Walikubaliana usiku sana, yeye na baba yake, sikuambiwa walisemaje, nilisikia sauti zimepanda kidogo halafu zikashuka. Zamu ya kwanza ilipofika mshereheshaji akatamka maneno yake, sisi tukasimama wima, tukainua mikono tukaomba dua, kaka akaitikia amin peke yake ukumbi mzima, tukapaka nyuso. Watu walinong'ona. Mzee mmoja alitoka nje kuvuta sigara na sikumwona tena mpaka chakula. Siwezi kusema kila mtu alifurahi.

Kwa wazazi tukawapa chai. Chai yenyewe ni tamu, ndani mna kunazi nyekundu na mbegu za yungiyungi, unaitoa kwa mikono miwili, unamwita kwa cheo kipya. Hapo nilijiandaa sana, nilifanya mazoezi ya matamshi wiki mbili, na nini maneno yenyewe? Baba na Mama. Wallahi, kwa Kichina baba ni baba na mama ni mama. Nimekaa wiki mbili najifunza kusema baba. Nikasema "Baba", nikapewa bahasha ya yuan 10,001, hiyo moja ya juu ina maana yake, kwamba nimechaguliwa mmoja katika elfu kumi, na kwa jinsi walivyonipigia makofi ungedhani nimesoma shairi. Halafu mavyaa. Nikampa chai, akanywa, akarudisha kikombe, na mimi bila kufikiri, mazoea tu, nikachukua mkono wake nikaubusu kama ninavyowasalimia wakubwa wangu wote tangu nimeanza kutembea. Hiyo haikuwa kwenye ratiba. Akauvuta kidogo akashtuka, akauangalia mkono wenyewe, ni mkono wa mtu aliyefanya kazi kiwandani miaka mingi, vidole vimepinda, akaurudisha mikononi mwangu akauacha hapo. Mshereheshaji akawa ameishiwa maneno, ambalo kwa alivyokuwa anaongea asubuhi nzima lilikuwa jambo kubwa.

Chakula nisiwachoshe. Meza za duara, watu kumi kumi, sahani hazikomi, kaa, kamba, samaki mzima, mayai yaliyokaangwa na chaza. Meza zetu mbili zilipikwa kando na jamaa wa mkahawa wa tambi wa halali, kibao chake kimeandikwa Lanzhou lakini yeye mwenyewe anatoka Qinghai, alivyoniambia ni hivyo kwa wengi wao, jina la Lanzhou ndilo linalouza. Alinisalimu assalamu alaikum kwa lafudhi ambayo ilibidi arudie. Kisha bibi na bwana harusi wanapita meza kwa meza kunywa na wageni, wao wana pombe yao kali ya vikombe vidogo, sisi chai, na wengine walijaribu kumlazimisha bwana, babu akagonga fimbo chini mara moja, basi.

Kile nilichokuwa nakiogopa, kusumbuliwa chumbani na rafiki za mume, wifi yangu alikimaliza kwa kukaa mlangoni na kiti cha plastiki anakula mbegu za alizeti. Ndani bwana alinifunua ile shela nyekundu kwa ufito wa mizani ya zamani ya kupimia, ndiyo desturi, nikamwambia kwetu hapo unalipa kipa mkono. Akasema alishalipa Lamu. Nikamwambia hii ni harusi nyingine. Akalipa.

Kitanda sasa. Nilipokaa nikaruka, kitu kimenichoma. Chini ya shuka nyekundu wamemwaga njugu, mbegu za yungiyungi, matunda makavu ya longani na zile kunazi nyekundu, majina yake ukiyapanga kwa Kichina yanasikika kama dua ya kupata mtoto mapema. Mchana walikuwa wameshamgaragaza hapo mtoto wa kiume wa jirani, na mwaka wenyewe ni wa joka, kwao mwaka wa heri kuzaa, kwa hiyo walimgaragaza kwa bidii, akachukua njugu akaitia mdomoni ikawa mtafaruku. Tulikaa saa nzima tunaokota vitu kitandani, mimi na bwana, kwenye joto la taa nyekundu, na kila tulipodhani tumemaliza kuna njugu inalia krap mahali.

Zile kunazi nilizikusanya kwenye mfuko. Asubuhi ya kuondoka shangazi akaniongezea nyingine kilo nzima, na katikati ya mfuko, limefungwa kwenye kikaratasi chekundu, lile jino la kichana.

Nimerudi Lamu bibi amepata nafuu, amekaa kwenye kiti chake karibu na daka. Nikamwekea mfuko mapajani. Nikamwambia bibi, hizi ni za somo wangu. Hakuuliza ni somo gani. Wachina na wauza duka wanaziita tende, tende nyekundu, lakini bibi akachukua moja akaigeuza mbele ya dirisha, akaitia mdomoni akaitafuna polepole na meno yake manne, akatema kokwa mkononi akaitazama.

"Tende wapi," akasema. "Hizi kunazi. Na zetu ni tamu kuliko hizi."

Akachukua nyingine.